Jua la Kariakoo na Saa za Jirani

Kila inapopita Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, mbao za chaki zilizoegemezwa kwenye milango ya vibanda vya mpira, kutoka Mtaa wa Kongo hadi Gerezani, hubadilika bila ya kutolewa tangazo. Mechi za Uingereza za Jumamosi, zilizokuwa zikianza saa 11 jioni, sasa huandikwa saa 12. Hakuna mtu Kariakoo aliyegusa saa yake. Aliyegusa ni London, na mwishoni mwa Machi ataigusa tena kuirudisha ilikokuwa. Mshabiki mwenye kuswali ndiye anayeijua vyema hesabu hii. Mwezi wa Februari, jua linapochelewa kuchwa hadi karibu na saa 12 na dakika 48, adhana ya Magharibi ya Msikiti wa Mtoro huangukia wakati wa mapumziko, na wapo wanaoiona hiyo kuwa ni rehema. Novemba huangukia katikati ya kipindi cha kwanza, na hapo kila mja hujijua na Mola wake.

Wazungu wenyewe wamekwisha kuichoka desturi hiyo. Tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuiacha ifikapo mwaka 2021, lakini serikali za nchi wanachama hazikufikia mwafaka, na saa zikaendelea kupelekwa mbele na kurudishwa nyuma kama ada. Misri, iliyokuwa imeiacha, iliirejesha mwaka 2023. Kwetu jambo hili halina maana hata kidogo. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mchana wake mrefu kuliko yote haumzidi mfupi kuliko yote hata kwa saa nzima. Hakuna mwangaza wa kuwekewa akiba.

Hata hivyo, anayedhani kwamba saa zetu hazijaguswa na mkono wa serikali atakuwa amekosea. Majira ya Afrika Mashariki, yaliyo mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili, yamepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti Dar es Salaam wala Nairobi, seuze Kampala. Hupita jirani na Mogadishu, kisha ukaingia baharini. Ukitaka kusema kweli, muuza duka wa Kariakoo anayefunga hesabu za asubuhi saa 6 kamili anafuata adhuhuri ya Mogadishu. Jua la kwake litafika utosini baada ya dakika 20 na ushei. Zama za ukoloni Waingereza walijaribu hapa vipimo vya nusu na vya robo: saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45. Leo vipimo hivyo vinachekesha, ilhali vyote viwili vilikuwa karibu zaidi na jua la pwani kuliko hiki tulicho nacho. Kilichoshinda ni wepesi wa kuhesabu.

Kabla ya hapo mwambao ulikuwa na njia yake. Saa ilihesabiwa tangu kuchwa kwa jua, na siku ilizaliwa magharibi. Ndiyo maana mpaka leo usiku wa Ijumaa, kwa mtu wa kale, ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na watangazaji wa redio hulazimika kusema "usiku wa kuamkia" ili asipotee mtu. Kutwa na kucha, maneno tunayoyatamka bila ya kuyafikiri, ni kuchwa kwa jua na kupambazuka kwake. Kilichotokea baadaye kilitokea kimya kimya: saa 12 ya jioni ikaachishwa na jua, ikafungwa kwenye mshale. Jina likabaki la Kiswahili, kiungo kikawa cha Greenwich. Wengi husema kwamba Waswahili hufuata saa zao na Wazungu zao. Hilo ni kweli nusu tu, kwani saa ya Mswahili wa leo ni ile ile ya Mzungu iliyogeuzwa kwa hatua sita, na jua limebaki kuwa shahidi asiyeulizwa.

Lakini hatua hizo sita si kitu kidogo, na mfasiri yeyote atalikiri hilo. Msomaji wa Kiingereza akikuta katika Injili kwamba giza liliingia tangu saa ya sita hadi ya tisa, huhitaji maelezo pembezoni mwa ukurasa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kitu. Saa 6 ni saa 6, jua li utosini. Ni pahala pachache ambapo lugha yetu huikaribia asili kuliko lugha za wenye nguvu, tena bila ya jitihada.

Tunapogeukia majirani, mambo huwa mazito zaidi. Tanzania imepakana kwa nchi kavu na kwa maziwa na mataifa manane, na katika hayo ni Kenya na Uganda tu wanaosoma saa moja na sisi. Rwanda, Burundi, Kongo upande wa mashariki, Zambia, Malawi na Msumbiji wote wako nyuma kwa saa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, yenye wanachama wanane tangu Somalia ilipoingia, imegawika nusu kwa nusu, na Kongo pekee ina saa mbili ndani ya mipaka yake. Mtu akivuka barabara kutoka Tunduma kwenda Nakonde amerudishiwa saa moja ya umri wake, akirejea, amenyang'anywa.

Haya yangekuwa ya kuchekea lau si Kariakoo. Wateja wa Lusaka, Lubumbashi na Lilongwe wamo sokoni humo kila wiki, na mzigo hufuatwa kwa simu. Mwenye ghala akiandika kwamba gari litapakia saa 4 asubuhi, mteja wa Lusaka asiyejua Kiswahili husoma 4, ambayo ni alfajiri. Aliyejua kidogo huongeza sita, akapata 10, kisha akasahau kuondoa moja ya kwao, akapiga simu wakati gari limekwishafungwa turubai. Gharama ya kulaza mzigo haimwulizi mtu ametumia saa ipi. Wenye uzoefu wamejitungia ulinzi wao. Huuliza: "Ya kwenu au ya kwetu, mama?" Na jawabu lililo salama kuliko yote ni hili: "Mimi nitakuja jua likiwa utosini, kaka." Saa za serikali zikishindwa, jua hupandishwa kizimbani kutoa ushahidi.

Je, basi, nchi hizi ziwe na saa moja? Rai hiyo ina mvuto wake. Wachina, ambao bidhaa zao zimejaza maduka ya Kariakoo, wana saa moja kwa nchi nzima, na simu kutoka Mtaa wa Aggrey kwenda Guangzhou ni tofauti ya saa 5 mwaka mzima. Hata hivyo, huko Xinjiang, mbali magharibi, watu wengi hutumia saa yao ya kienyeji iliyo nyuma ya Beijing kwa saa mbili. Sudan ilijipeleka kwenye saa 3 mwaka 2000, ikaishi nayo miaka 17, ikarudi kwenye saa 2 mwezi wa Novemba 2017. Sudan Kusini ilifuata tarehe 1 Februari 2021. Nchi mbili zilizokuwa na saa moja nasi ziliona kwamba jua lao lilikuwa limeachwa nyuma, zikaondoka.

Mtu asiende mbali. Atazame Mtwara na Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ni pwani moja, jua moja, Ruvuma katikati. Mwezi wa Juni jua linachwa Mtwara saa 12 na dakika chache; Palma, kwa saa ya Msumbiji, ni saa 11 na dakika chache. Mzee wa Kiswahili aliyezoea kwamba saa 12 ni magharibi atavuka mto na kukuta magharibi imekuja na namba ya alasiri. Kwa upande wa pili, Kigoma hungoja jua mpaka karibu na saa 1 asubuhi, ilhali jirani yake wa Bujumbura, kwa macheo yale yale, husoma 12. Kuilazimisha Bujumbura iifuate Dar es Salaam ni kumwamsha mtoto wa shule gizani kwa ajili ya wepesi wa makarani. Bora zibaki mbili, na kila hati ya mzigo na kila tiketi ya basi iandike saa ya nchi gani, kisha iandike kwa maneno, asubuhi au usiku.

Mwaka 2025 ulizinduliwa Kariakoo mpango wa kufanya biashara saa 24. Wafanyabiashara waliupokea, taa zikawashwa. Neno lenyewe ndilo geni. Hakuna ulimi wa Kiswahili unaosema saa 19. Siku yetu ni kumi na mbili mbili, za usiku na za mchana, na za usiku hutangulia. Kwa hesabu hiyo muuza viatu anayefungua baada ya Isha siku ya Jumatano amekwishaanza kuuza Alhamisi, ingawa stakabadhi ya mashine yake itamkanusha.

Mwendo mfupi kutoka hapo, mwanzoni mwa Mtaa wa Samora, umesimama Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopata hadhi ya jiji. Uso wake ni wa Kizungu. Bibi anayemfunza mjukuu wake kusoma saa pale chini hamfundishi kujumlisha wala kutoa. Humwambia autazame mshale mfupi, kisha asome ule upande uliokabiliana nao. Mshale upo kwenye 7. Mtoto anatazama ng'ambo, anasema saa moja.