Sentensi Ikamilike Kabla ya Nukta

Kata ya Misunkumilo,
Manispaa ya Mpanda,
Katavi.
10 Agosti 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Huku tu wazima, mahindi yameshaingia ghalani, na mama yako anakusalimu sana.

Insha yako ya Kiingereza nimeisoma yote. Hoja zipo, na maneno unayo. Kinachokuponza ni kuweka nukta kabla sentensi haijakamilika. Tazama hizi nilizozinakili kutoka kwenye insha yako:

Has arrived from Tabora.
My father a farmer.
Because the rain destroyed the bridge.
The farmers who grow tobacco in our region.

Zote zinaanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta, lakini hakuna hata moja iliyo sentensi kamili. Mbili za kwanza zinatokana na Kiswahili chetu. Tukisema "Amefika kutoka Tabora", ile "a" ya mwanzo imeshamtaja aliyefika, kwa hiyo hatuhitaji zaidi. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Ni lazima kiima kiandikwe, hata kama umemtaja mtu huyo katika sentensi iliyotangulia: He has arrived from Tabora. Waingereza wanashikilia jambo hili mpaka kwenye mvua. Sisi husema "Inanyesha" tukamaliza, wao husema It is raining, ingawa hiyo It haimtaji mtu wala kitu chochote. Amri peke yake ndiyo iliyosamehewa: Come here ni sentensi kamili, kwa kuwa anayeambiwa anajulikana.

Vivyo hivyo, "Baba yangu mkulima" inaeleweka kwetu bila hata "ni". Kiingereza hakikubali sentensi isiyo na kitenzi, kwa hiyo andika My father is a farmer. Chunga pia vitenzi vyenye ing mwishoni. The children playing near the railway haijakamilika mpaka useme are playing au were playing.

Mbili za mwisho ni tofauti, na hapo Kiswahili chako ndicho kitakachokuokoa. Nikikwambia "Kwa sababu mvua ilibomoa daraja" kisha nikanyamaza, utaniuliza, "Ikawaje?" Nikisema "Wakulima wanaolima tumbaku mkoani kwetu" nikaishia hapo, utauliza, "Wamefanya nini?" Sikio lako linajua kwamba bado kuna neno linalosubiriwa. Hivyo ndivyo vishazi tegemezi mlivyofundishwa katika somo la Kiswahili. Kishazi tegemezi ni behewa: limebeba mzigo, lakini bila kichwa cha treni haliondoki stesheni.

Katika Kiingereza, vishazi hivyo hutambulishwa na maneno kama because, although, when, if, while, who na which. Ukiliona mojawapo, tafuta kishazi huru kilipo. Kama hakipo, una njia mbili za kusahihisha. Ya kwanza ni kukiongeza: Because the rain destroyed the bridge, we reached school late. Ya pili ni kuondoa neno lenyewe: The rain destroyed the bridge. Kwenye ile ya wakulima, kitenzi grow ni mali ya who, na farmers bado hawajapata kitenzi chao. Wape: The farmers who grow tobacco in our region sell it through cooperatives.

Hiyo because inawaponza wengi kwa sababu ya mazoea ya darasani. Mwalimu akiuliza "Why?" mnajibu kwa mdomo "Because", na katika mazungumzo si kosa. Kwenye karatasi, rudia kiini cha swali kwanza, kisha utoe sababu. Tangu 1967 karibu shule zetu zote za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu mnapofika sekondari mnakutana kwa mkupuo na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Kwa hiyo kosa hili haliishii kwenye insha. Utalikuta pia katika majibu yako ya Baiolojia, Historia na Jiografia.

Ukimaliza kuandika, fanya hivi. Soma kazi yako kwa sauti ukianzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza. Ukisoma kwa mpangilio wa kawaida, sentensi iliyotangulia hukujazia pengo na hutaliona. Kila sentensi isiyo amri wala swali itangulizie maneno It is true that. It is true that the rain destroyed the bridge inasimama. It is true that because the rain destroyed the bridge inakuacha ukingoja.

Utaona waandishi wa matangazo, vichwa vya habari na riwaya wakikata sentensi kwa makusudi. Waachie wao kwa sasa. Msahihishaji wa mtihani wa Kidato cha Nne hawezi kujua kama ulikusudia au ulikosea.

Iandike upya insha hiyo, kisha unitumie kabla shule haijafungwa. Usitafute maneno makubwa. Sentensi ikikushinda, ifupishe: kiima, kitenzi, nukta. Sentensi fupi iliyokamilika ina thamani zaidi kuliko ndefu iliyokatika.

Ni mimi mjomba wako.