Bati la Kyerwa, shaba ya Rumanyika

Wadau, leo tuache siasa. Tuongelee madini, na wala sio dhahabu. Bati.

Ukimtajia mtu wa Dar bati anawaza paa la nyumba. Wapi bwana! Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki, bati lenyewe halimo. Bati la kweli ni lile la Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wachimbaji wadogo wanalitoa kwa sururu na beleshi, jiwe jeusi zito linaloitwa kasiteraiti.

Kazi zake ni nyingi, ila mimi imenivutia moja. Ukichanganya shaba nyekundu na zinki unapata shaba njano, ile mafundi wanayoiita brasi, ya kufuli na koki. Zinki ikiwa kama asilimia 30, atomu zote zinajipanga kwa mtindo mmoja na unaweza kuikunja ikiwa baridi. Ikifika 40 hivi unaingia mpangilio wa pili, mgumu zaidi, inabidi uipashe moto kwanza. Wengine huongeza risasi. Hiyo haichanganyiki, inakaa vitone vitone, basi fundi akiikereza kwenye mashine vinyoleo vinakatika vifupi. Raha kwa fundi, sio kwa anayekunywa maji ya koki hiyo.

Sasa bati. Shaba njano ikikaa kwenye maji ya chumvi zinki huchomoka polepole, inabaki shaba yenye vitundu kama sifongo, ukiigonga inavunjika. Tia bati asilimia 1 tu na uozo huo unapungua sana! Waingereza waliipa shaba hiyo jina la mamlaka ya jeshi lao la majini, wakaitumia kwenye mabomba ya kupoozea mitambo ya meli.

Na Karagwe si wageni wa mambo haya. Stanley alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1876 alioneshwa hazina yake: bata wa shaba njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Yaani fundi alizijua shaba mbili, akazitumia kama rangi. Waya wa shaba uliletwa na misafara ya pwani, iliyokuwa na kituo Kafuro. Chuma walifua wenyewe.

Hapo ndipo ninapokwama. Bati likishakuwa bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Kulitoa kwenye jiwe kunahitaji makaa na moto wa nyuzi 1,000 na zaidi, lakini chuma kinataka moto mkali kuliko huo, na mababu wa Kagera waliuwasha kwa udongo na mivukuto. Jiwe la Kyerwa kwa miaka mingi limevushwa mpakani kimya kimya likiwa jiwe hivyo hivyo, bei ya jiwe. Ukipita Kayanga, ingia duka la vifaa, geuza kufuli la brasi usome limetengenezwa wapi.