Ufa, Kiraka na Mionzi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, tiba ya mionzi ina jina moja tu: kuchomwa. Jina hilo lina ukweli wake, kwani ngozi huweza kubabuka. Hata hivyo, linaficha mengi, na yanayofichwa yaweza kumgharimu mtu uhai.

Shangazi yangu, mkazi wa Kayole, alipougua saratani ya mlango wa kizazi, alipangiwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano. Aidha, mara moja kila wiki alitundikiwa dripu ya dawa iitwayo sisplatini. Dripu hiyo ilimtapisha mno. Wiki ya tatu aliniambia, "Mwanangu, kuchomwa nitavumilia, lakini dripu naiacha. Ugonjwa mmoja, adhabu mbili za nini?" Hospitalini alikuwa ameelezwa kwa Kiingereza, tena kwa haraka.

Nilimjibu kwa methali aijuayo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mionzi hutia nyufa katika vinasaba vya seli ya saratani. Seli nayo, kana kwamba imeisikia methali yetu, huanza kuziba nyufa hizo mara moja. Sisplatini, dawa yenye madini ya platini, hung'ang'ania vinasaba na kumkwamisha fundi huyo. Haya si maneno matupu. Mwaka 1999, baada ya majaribio matano kuonyesha kuwa wagonjwa waliopewa mionzi pamoja na dawa hiyo waliishi zaidi, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwahimiza madaktari kuviunganisha viwili hivyo.

Shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe hiyo ni dawa ya kuzuia kiraka!" Nilimsihi amweleze daktari kuhusu kutapika, maana kuna dawa za kukutuliza. Alizimaliza wiki zake.

Utafiti nao unasonga mbele. Mwaka 2004 James Hainfeld na wenzake huko Marekani waliwadunga panya chembe nano za dhahabu kabla ya kuwapiga mionzi, na uvimbe ukanywea. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Metali nzito hunasa mionzi kwa wingi na kumwaga nguvu yake papo hapo ndani ya uvimbe. Mwaka 2019 chembe za oksidi ya hafni, zinazodungwa moja kwa moja kwenye uvimbe, ziliidhinishwa Ulaya kwa saratani ya tishu laini.

Je, siku chembe hizo zitakapofika Nairobi, zitaitwaje? Tukifuata tafsiri sisisi, tutapata "kihisishi mionzi". Mwanasarufi atadhani tunazungumzia "Lo!" na "Ala!", mhandisi atadhani ni kifaa cha kupimia mionzi, mgonjwa hataambulia chochote. Istilahi ya shangazi, ambaye hajawahi kufungua kamusi ya sayansi, inaeleza kazi ya dawa yake kwa maneno manne.

Wanachama wenzangu, tumezoea kuunda istilahi maktabani na kuzipeleka mitaani. Naona ni wakati tuketi pia kwenye mabenchi ya kliniki, tukisikiliza wagonjwa wanavyoyaita maradhi na tiba zao, na tuyaandike kabla hatujabuni yetu. Mgonjwa anayeielewa dripu yake ana sababu ya kuirudia wiki ijayo.