Vikombe vya kahawa motoni

Wiki nzima hii nimekuwa nikiwawaza Wamormoni. Siwawazi walio ndani. Nawawaza waliotoka, wakanunua tiketi kwa hela zao, wakakaa kwenye viti vya ukumbi wa maigizo na kuicheka dini yao ya zamani mpaka machozi yakawatoka.

Kwa ambao hawajalisikia: The Book of Mormon ni igizo la nyimbo lililofunguliwa Broadway, New York, tarehe 24 Machi 2011. Watunzi wake ni Trey Parker na Matt Stone, wale jamaa wa katuni ya South Park, pamoja na Robert Lopez. Mwaka uleule likabeba tuzo 9 za Tony. Hakuna kati ya hao watatu aliyekuwa Mmormoni. Hadithi yenyewe ni fupi: vijana wawili wa Kimarekani wanatumwa kuhubiri ng'ambo. Mmoja alikuwa akimwomba Mungu ampeleke Orlando. Badala yake wakaangukia kijijini, kaskazini mwa Uganda.

Naam, Uganda, hapo kwa jirani. Ndiyo maana hata mimi wa Mtoni najiona nina la kusema.

Vijana hao tunawajua. Shati jeupe, tai, wanatembea wawili wawili juani, kifuani kibao cheusi chenye jina, na mbele ya jina neno la Kiingereza lenye maana ya Mzee. Mzee mwenyewe ana miaka 19 na chunusi hazijakauka! Kanisa lao, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, liliingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi wengi wa hao vijana tunaowaona ni Waafrika wenzetu.

Swahiba wangu mmoja (jina nimeliweka kapuni) alibatizwa humo pamoja na mama yake akiwa na miaka 10. Waumini wa kanisa hilo hawanywi pombe, hawavuti sigara, na hawanywi chai wala kahawa. Hebu fikiria kukataa chai uswahilini. Unaingia kwa watu, mama mwenye nyumba ameshamimina, tangawizi inanukia, na wewe mtoto mdogo unasema, "Shikamoo mama, asante, mimi sinywi chai." Hakuna anayefikiria dini. Wanafikiria mama yako amekukanya usile kwa watu kwa sababu anaogopa kulogwa. Anasema kuna nyumba mbili pale mtaani ambazo hazikumkaribisha tena.

Alipofika chuo kikuu aliacha taratibu. Hakugombana na mtu wala hakuna aliyemdhulumu. Wenzake Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga, kisha husimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda kwamba wanajua kanisa hili ni la kweli. Wanajua, hawasemi wanaamini. Yeye siku moja akaona kwamba hajui, akabaki amekaa. Miezi michache baadaye hakwenda tena.

Mwaka 2023 alikuwa Uingereza kwa masomo, akaenda kuliona igizo hilo Prince of Wales Theatre, London, ambako limekuwa likioneshwa tangu 2013. Alinisimulia kijiweni, Mtoni kwa Azizi Ali, na mkononi ana kikombe cha kahawa chungu na kashata. Kuna sehemu, alisema, yule kijana mhubiri anaota yuko motoni. Humo motoni yumo Hitler, yumo Genghis Khan, na vimo vikombe vikubwa vya kahawa, vinacheza.

"Wazungu wa pembeni yangu walicheka kidogo," akasema. "Si unajua, vikombe vinacheza, inachekesha. Mimi nililia, kaka. Nilikuwa naogopa kikombe! Nilikuwa naota nimekunywa chai kwa bahati mbaya, naamka natetemeka."

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya hao waliotoka. Mtu wa nje akicheka dini yako anacheka ugeni wake tu. Aliyelala na ule woga utotoni anacheka kitu kingine. Anacheka kwa sababu kuna mtu London amemwonesha ndoto yake, ikiwa na taa na wapiga tarumbeta, na watu elfu moja wameiona naye. Miaka yote hiyo alidhani ni peke yake.

Kuna wimbo mwingine uliomvunja mbavu. Mhubiri anaorodhesha mambo anayoyaamini bila kusitasita, na ndani yake limo la mwaka 1978. Ni kweli tupu: hadi Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa ukuhani wanaume wenye asili ya Kiafrika, mpaka rais wake wa wakati huo, Spencer W. Kimball, alipotangaza ufunuo mpya. Ukumbi mzima ulicheka, lakini anayetaniwa kweli kweli pale ndani alikuwa mmoja, mtoto wa Temeke, wa kiti cha nyuma.

Halafu kikaja kijiji. Hapo swahiba akaweka kikombe chini. Wanakijiji wa Uganda wanaimba wimbo wa kumtukana Mungu kwa shida zao, kwa maneno ya kubuni ambayo si Kiacholi, si Kiganda, si chochote. Ni kejeli kwa ule msemo wa Kiswahili wa The Lion King ambao watalii wanatusalimia nao. Binti wa kijiji anaitwa Nabulungi, jina la Kiganda, la kusini, wakati hadithi iko kaskazini. Ukeketaji unatajwa kama mila ya hapo, wakati Uganda umejulikana zaidi kwa Wasabini wa Kapchorwa, mashariki, na sheria ya 2010 imeupiga marufuku. Mbabe wa vita anachinja ovyo. Igizo linafunguliwa 2011, Kony na watu wake walikuwa wameshatoka Uganda miaka kama 5, na Waacholi walikuwa wakirudi kwao kutoka kambini kutafuta mipaka ya mashamba yao.

"Pale watu walicheka kuliko kwenye vikombe," akasema. "Mimi nikawa natazama saa."

Sisi tuna kitu kinaitwa utani. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi anaweza kuja kulala kwenye mkeka wa wafiwa, akaiga kikohozi cha marehemu, akadai alipwe ndipo maiti itoke, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Lakini kesho akifa Mnyamwezi, Mzaramo naye anakuja. Deni linalipwa. Wamormoni walipotaniwa walijibu: kanisa lilinunua matangazo kwenye vijitabu vya igizo lenyewe, likiwaambia watazamaji kwamba sasa wameshaona igizo, basi wakasome kitabu. Huo ni utani hasa! Mwaka 2015 igizo likaenda mpaka Salt Lake City, makao makuu ya kanisa, mji wenye waumini wengi na waliotoka wengi, na tiketi zikaisha. Mtu wa Gulu yeye angejibia wapi?

Sisi wa Barabara ya Kilwa mambo haya hatuyaongelei kirahisi. Oktoba 2012 nilikuwa shule ya msingi wakati watoto wawili wa Mbagala walipobishana kuhusu Qur'an, mmoja akaikojolea, na baadaye makanisa yakavunjwa na kuchomwa. Sikumbuki mtu yeyote mtaani aliyeona cha kuchekesha. Kwa hiyo sina haraka ya kumwambia mtu yeyote ajifunze kucheka imani ya mwenzake. Nawasemea hao tu wanaoicheka ya kwao, na ninawaonea wivu kidogo.

Mwaka 2020 waigizaji weusi wa igizo hilo, wa zamani na wa sasa, waliwaandikia watunzi barua kulalamika. Lilipofunguliwa tena Broadway Novemba 2021 lilikuwa limerekebishwa. Nabulungi, ambaye mwanzo alikuwa akidhani mashine ya taipu ndiyo simu ya kutuma ujumbe, sasa ana iPad. Ilichukua miaka 10 kutambua kwamba Waganda wana simu. Jina lake bado ni la kusini.

Mama yake swahiba bado anasali kulekule. Aliporudi kutoka Uingereza mama alimuuliza kama alikuwa akienda kanisani. Akajibu kwamba aliona igizo moja, la dini. Mama akafurahi sana, akataka asimuliwe. Swahiba akasema amechoka na safari.

Nikamuuliza kama ipo siku atamsimulia. Akasema labda vile vikombe. Mama mwenyewe alikuwa mpenda chai.