Vuli ya Burlington

Mama mdogo hupiga simu kutoka Uvira, Kongo, kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, na swali lake kwa Mama, dada yake, ni moja: "Yaya, mmeshapanda?" Kwake hiyo ni salamu, kama wengine wanavyouliza habari za asubuhi. Mwezi wa kumi ukifika kule, mtu ambaye hajashika jembe ana neno la kujieleza. Oktoba 2016, vuli yetu ya kwanza Marekani, simu hiyo ilimkuta Mama ameketi kwenye kochi, amevaa koti ndani ya nyumba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Huku hawapandi. Huku wanafunga."

Mama mdogo akadhani mtandao unasumbua. "Wanafunga nini?"

"Udongo."

Nimeandika "vuli" kwa kusitasita. Neno hilo tulilisikia redioni tukiwa wakimbizi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika utabiri wa hali ya hewa: mvua za vuli, pwani na nyanda za kaskazini, Oktoba hadi Desemba. Kigoma kwenyewe hakuna vuli wala masika, kuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo kwetu lilibaki neno la watu wa mbali. Nilipofika Vermont nikaanza kumsaidia mdogo wangu kazi za shule, nikakuta kamusi imelitwaa neno lile lile kuita majira ambayo miti inapukutisha majani na bustani zinakufa. Mkulima wa Tanga akisikia vuli anatafuta mbegu. Huku ukisikia vuli unatafuta blanketi.

Kipande chetu kiko katika bustani ya jamii kwenye bonde la mto Winooski, mahali panapoitwa Intervale, si mbali na katikati ya mji wa Burlington. Hatua kumi na mbili kwa nane. Nilizihesabu siku ya kwanza. Mama hakuhesabu. Aliinama, akachota udongo, akaubonyeza kiganjani, akaunusa. Udongo wa mto, laini, bila kokoto. Kambini tulilima eneo la ukubwa wa mikeka miwili nyuma ya nyumba, lengalenga, ambayo Watanzania huiita mchicha, na maboga kidogo, kwa sababu kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Chakula kingine kilikuwa cha mgao: unga wa mahindi, mbaazi, mafuta, chumvi. Mama alikimbia Uvira mwaka 1996, mimi nikazaliwa Nyarugusu, na katika miaka ishirini hiyo hakuwahi kugeuka shambani bila kugonga ukuta wa jirani.

Baadaye nilisoma habari za bonde hili. Waabenaki walilima hapa mahindi, maharage na maboga kwa karne nyingi kabla ya Wazungu. Kisha sehemu yake ikawa jalala la matairi na magari mabovu, hadi miaka ya 1980 Will Raap, mfanyabiashara wa vifaa vya bustani, na wenzake walipoanza kulisafisha na kulirudisha kwenye kilimo. Mji huu wenyewe una ugonjwa wa bustani: chama cha Gardens for All kilizaliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla hakijakua kuwa chama cha watunza bustani wa nchi nzima. Nilimsimulia Mama haya yote jioni moja. Alishika kimoja tu.

"Mahindi, maharage na maboga? Pamoja?"

"Pamoja, Mama. Maharage yanapanda juu ya mahindi, boga linafunika chini."

"Basi hao walikuwa watu."

Mwaka ule wa kwanza alipanda kama mtu aliyerudi kwao. Lengalenga aliimwaga kwa awamu, kila wiki mbili, hadi mwisho wa Agosti, maana kwa hesabu zake palipo na maji na jua hapakosi kuota kitu. Ile ya mwisho ilikuwa imefika magotini usiku mmoja wa Oktoba, baridi ilipoipiga. Asubuhi tulikuta majani yote meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jina la kitabuni la baridi hiyo ni jalidi. Wakati ule sikulijua, nikamwambia Mama ni umande ulioganda. Hakukubali. Alikizunguka kipande chote ameinama, akitafuta nyayo. Aliamini kuna mtu amekuja usiku na sufuria. Sikumcheka, na sasa pia simcheki: kambini tulishaona mboga za watu zikifanyiwa ubaya kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Siku chache baadaye likabandikwa tangazo kwenye kibanda cha vifaa: kila mtu asafishe kipande chake kabla ya mwezi kwisha, na maji yatafungwa. Mama alinifanya nilisome mara mbili.

"Kwa hiyo wananifukuza?"

Nikamweleza kwamba maji yakiganda ndani ya bomba hulipasua, ndiyo maana wanayafunga mapema na kumwaga yaliyobaki. Kuhusu kung'oa kila kitu sikuwa na maelezo mazuri. Alikuwa ameacha miche mirefu ya lengalenga kwenye kona, ile iliyokomaa mapema, ili ikauke kwa ajili ya mbegu. Machoni pa wengine ilikuwa takataka. Aliikata vichwa, akavifunga kwenye kitenge, tukavibeba ndani ya basi. Zile punje nyeusi, ndogo kuliko ulezi, nilizikuta kitandani mwangu hadi Krismasi.

Nyanya ndizo zilizomtuliza. Tulikuwa tumechuma ndoo mbili za nyanya za kijani zilizonusurika, na vijana wa vipande vya jirani walikuwa wakizitupa za kwao kwenye rundo la mboji. Mama alilitazama lile rundo kwa hasira. "Ndizi mbichi wanazitupa pia?" Kwao ndizi huvundikwa: unachimba shimo, unatandika majani, unafukiza moshi, unafunika, unangoja. Hapa shimo likawa sanduku la kadibodi chini ya kitanda chake, majani yakawa magazeti ya matangazo ya dukani, na katikati akaweka ndizi moja mbivu. Mwalimu wangu wa sayansi alifurahi sana nilipomsimulia, akanieleza juu ya ethilini, gesi ambayo tunda linaloiva huitoa, nayo huyaharakisha mengine. Mama alisema hilo ni jina la moshi. Zilianza kuiva wiki ya pili. Chache zilioza na kunukisha chumba, lakini tulikula nyanya zetu hadi Desemba, na pilipili kavu, na ndagala, yaani dagaa, huku nje theluji imefunika magari.

Majani yalichukua muda zaidi. Mzizi wa shida ni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Muhogo unataka karibu mwaka mzima wa joto, na huku joto ni miezi minne au mitano, kwa hiyo sombe yetu ni ile ya pakiti iliyogandishwa, ya kununua kwenye duka la Waafrika. Sukuma wiki ya huku, ile yenye majani ya kujikunja, Mama aliiita chakula cha ng'ombe kwa mwaka mzima na nusu. Kisha ikaja jalidi ya 2017. Lengalenga ikaanguka, maharage yakaanguka, maboga yakalala, na chakula cha ng'ombe kikabaki kimesimama, kijani vilevile. Alichuma jani moja akalitafuna palepale. Lilikuwa tamu. Mmea huo ukipigwa na baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari huyachelewesha maji ya ndani yasigande. Tulirudi nyumbani na mifuko mitatu, na jioni hiyo akakitoa kinu.

Tulikaa ghorofa ya pili. Hakupiga mchi mara kumi kabla jirani wa chini hajaanza kutujibu na mpini wa ufagio. Ndivyo kinu kilivyohamia bustanini. Tangu hapo, Jumamosi moja ya Oktoba, baada ya jalidi ya kwanza, tunatwanga hukohuko: sukuma wiki, vitunguu majani, pilipili hoho, kila kitu ndani, na jioni kinapikwa kwa mawese na karanga iliyosagwa. Nitasema ukweli ambao sijamwambia Mama: sombe ile si sombe. Haina ule uzito wa majani ya muhogo, na ukiipika muda mrefu kama muhogo inakuwa uji. Wadogo zangu, ambao sombe ya kweli wameionja kwenye pakiti tu, wanaipenda zaidi. Sasa tunaipika dakika arobaini, bugali pembeni, na hakuna anayelalamika isipokuwa mimi kimoyomoyo.

Kinu kilileta watu. Burlington ina familia nyingi za Wabhutani wanaosema Kinepali, na nao Oktoba wana shughuli yao: huyanyausha majani ya haradali, huyakandamiza kwenye chombo mpaka yachachuke, kisha huyakausha, yanakuwa gundruk ya kupikia mchuzi wakati wa baridi. Bibi mmoja wa kwao, asiye na Kiingereza kama Mama asivyokuwa nacho, alikuja kutazama mchi, kesho yake akaleta mtungi. Mama aliunusa, akaurudishia kifuniko kwa heshima zote. Lakini nyumbani alianza kuuliza maswali. Kama wao wanahifadhi majani kwa kuyachachusha, na bibi yake Mama alihifadhi majani ya kunde kwa kuyaanika mkekani, sisi tunangoja nini? Tulinunua friza iliyotumika. Majani huchemshwa dakika mbili tu, hutumbukizwa kwenye maji ya barafu ili yasiendelee kuiva, hukamuliwa kama nguo, hufungwa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja. Mimi huandika tarehe. Mama hutaka pia niandike jina la aliyechuma, ili mchanga ukipatikana tujue wa kumlaumu.

Kisha kuna mzee wa kipande cha pili. Kwa miaka miwili alikuwa ameng'oa lengalenga kwake kama gugu, maana huku huota yenyewe popote udongo unapochimbwa, na Mama alikuwa akiiokota kwenye rundo lake kabla haijanyauka. Nadhani aliamini tunafuga mbuzi. Oktoba 2018, wakati kila mtu anang'oa, yeye alikuwa amepiga magoti na ubao wenye matundu, anapanda.

"Muulize anazika nini," Mama alisema.

Kitunguu saumu. Unakibandua punje, kila punje shimo lake, ncha juu, kina cha kidole, kisha unafunika kwa majani makavu ya ngano unene wa shubiri moja. Kinatoa mizizi kabla udongo haujaganda, kinalala, na ile baridi yenyewe ndiyo inayokifanya kigawanyike. Bila baridi unavuna kitunguu kimoja cha duara kisicho na punje. Mzee akampa vichwa vitatu. Mama alipanda kwa uso wa mtu anayekopesha fedha kwa asiyemwamini. Desemba alinituma nikaangalie. Nilikwenda kweli, nikakuta theluji, nikarudi. Katikati ya Aprili tulikuta ncha za kijani zimetoboa yale majani ya ngano, na theluji bado imelala kwenye kivuli cha kibanda. Bustani nzima ilikuwa tupu. Alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akaangalia nyuma kama kuna aliyemsikia.

Tuliongeza kila mwaka. Tukajifunza pia kupanda rai mwanzoni mwa Oktoba palipovunwa mapema, nafaka isiyovunwa, kazi yake ni kuushika udongo usichukuliwe na maji ya masika. Tukakusanya majani ya miti ambayo watu wa mji huu huyafunga kwenye mifuko ya karatasi na kuyaweka barabarani yachukuliwe, jambo ambalo Mama hajalielewa hadi leo.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai 2023 mto ulifika. Mvua ya siku mbili ilizamisha miji ya Vermont, na Intervale, ambayo ni tambarare ya mto, ikawa ziwa. Kwenye simu Mama alikuwa ameshaona mto ukiingia majumbani, Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika Uvira na Mama mdogo akalala juu ya dari la kanisa. Sasa alisimama juu ya mteremko, akionesha kwa kidole mahali palipo na saumu yetu, wiki moja kabla ya kuing'oa. Maji yalipoondoka kila kitu kilionekana kizima, na hilo ndilo lililomuuma. Wataalamu wa kilimo walisema wazi: mazao yaliyoguswa na maji yale, yaliyobeba maji taka na mafuta, yasiliwe. Tulichimba saumu tukaitupa. Oktoba hiyo hatukutwanga kitu. Tulimwaga mbegu za rai kipande kizima, tukarudi nyumbani mapema.

Mbegu ya saumu ilirudi kwa mlango mwingine. Yule bibi wa Kinepali alikuwa amepewa na Mama vichwa viwili miaka ya nyuma, akavipanda kwa mwanawe, juu kwenye kilima. Alileta kumi na viwili, vimesukwa kama nywele. Julai 2024, karibu tarehe zile zile, mito ya Vermont ilifurika tena. Tangu hapo nusu ya saumu yetu hulala kilimani kwao.

Oktoba iliyopita tulikuwa hukohuko, mimi na ubao wenye matundu, Mama juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu ya magoti yake, anabandua punje na kunirushia. Simu ikalia. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Yaya, mmeshapanda?"

"Tunapanda sasa hivi."

Mama mdogo alicheka. "Si ulisema huko wanafunga? Mnapanda nini?"

"Saumu."

"Mtavuna lini?"

"Mwezi wa saba."

Palipita kimya, nikajua anahesabu kwa vidole. "Miezi tisa? Yaya, hiyo ni mimba."

"Ndiyo maana tunaifunika," Mama akasema, akanionesha kwa kidevu niliporuka shimo moja.