Maji kwa Rejeta

Noah ya mzee ilichemka tukipanda kutoka Mai Mahiu. Moshi mweupe nyuma, mshale wa joto juu kabisa. Fundi akafungua injini: gasketi imechomeka, silinda hedi imepinda. 38,000.

“Mmekuwa mkiweka maji ya mfereji?”

Mzee kimya. Maji hayo huleta kutu, kutu inaziba rejeta. Na galoni ya kulanti haifiki hata 3,000! Nilikuwa karibu kumcheka, nikakumbuka: miaka hiyo yote ya maji, alikuwa analipa karo yangu. Chuo nikaacha.

Siku hizi kulanti nanunua mimi.

Wasee, kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungueni rejeta ya mzee. Mkipata maji ya kutu, msimcheke. Ulizeni kwanza pesa ilienda wapi.