Gagula na Mlango wa Jiwe

Katika riwaya za zamani mwovu hana kazi ya kumtisha msomaji tu. Yeye ndiye mkono unaoyasukuma mambo yaende, na yeye ndiye anayetwishwa lawama mambo yanapoharibika. Akiondolewa yeye, hadithi nzima hunywea kama tanga lililokosa upepo. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujua riwaya imejengwa juu ya nini, asimtazame shujaa peke yake. Amtazame pia mwovu, aone amepewa nini na amenyimwa nini.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni ajuza Gagool, wa riwaya ya King Solomon's Mines iliyotungwa na H. Rider Haggard na kuchapishwa London mwaka 1885. Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Tangu hapo ajuza huyo amejulikana Afrika Mashariki kwa jina la Gagula. Wanafunzi wengi walimsoma kwa mwanga wa kibatari, kisha wakaogopa kutoka uani peke yao. Hata leo ni vigumu kulisikia neno kigagula, wanaloitwa vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi, bila ya kumkumbuka. Jina la kitabuni na neno la mtaani yamekaa ujirani, na ujirani huo unastahili kuangaliwa kwa makini.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Waingereza watatu, Allan Quatermain mwindaji, Sir Henry Curtis, na Kapteni John Good, wanavuka jangwa na milima kumtafuta ndugu yake Curtis, aliyepotea alipokwenda kutafuta almasi za Mfalme Sulemani. Wamefuatana na Umbopa, ambaye baadaye hubainika kuwa ni Ignosi, mrithi wa haki wa ufalme wa Wakukuana. Kiti hicho kimekaliwa na Twala, mfalme katili mwenye jicho moja. Nyuma ya Twala yuko Gagula. Quatermain amwonapo mara ya kwanza, akitambaa kutoka kivulini amejifunika ngozi, hadhani kuwa ni mtu. Adhani ni nyani. Umri wake haujui mtu yeyote.

Kazi yake ya kwanza ni kuyafunga matukio pamoja. Twala aliupata ufalme kwa sababu Gagula alimsimamisha mbele ya watu wakati wa njaa, akawaonyesha alama ya nyoka kiunoni mwake. Usiku wa kunusa wachawi huendeshwa na Gagula. Kidole kikielekezwa kwa mtu, mtu huyo amekwisha. Kidole hicho ndicho kinachomwelekea Umbopa, wageni wakalazimika kushika bunduki ili kumwokoa. Twala anapouawa vitani, ingedhaniwa kuwa hadithi imefika mwisho. Lakini njia ya kwenda kwenye chumba cha hazina huijua Gagula peke yake. Ignosi anamtisha kwa mkuki, naye anawaongoza wageni hadi pangoni, anawapitisha mahali walipoketi wafalme waliokufa, anawaingiza chumbani, kisha anauteremsha mlango wa jiwe. Foulata, msichana wa Kikukuana, anamshika ili asitoroke, naye anamchoma kisu. Gagula ajaribu kupenya chini ya jiwe. Jiwe linamwahi, naye anapondwa. Hakuna mlango katika kitabu hiki, wa ufalme wala wa mwamba, unaofunguka au kufungwa pasipo mkono wake.

Kazi yake ya pili huonekana kwa nadra zaidi, nayo ni kubwa zaidi. Gagula ndiye kumbukumbu ya nchi. Wengine wote katika kitabu wanatafuta habari, yeye anazo. Anakumbuka weupe waliokuja zamani, na katika maneno yake ya mwanzo mbele ya wageni adai kuwa anasikia hatua za weupe wengine wakija kutoka mbali, na damu pamoja nao. Msomaji amekwisha fundishwa kumchukia, kwa hiyo humsikia kama chui angurumaye. Lakini riwaya hii ilitoka mwaka 1885, mwaka ule ule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika, na hazikupita nyingi siku kabla ya nchi za Afrika kugawanywa. Mwovu alikuwa amesema kweli.

Ajabu ni kwamba mwisho wa kitabu Ignosi naye, shujaa wa haki, anaukataza ufalme wake kupokea weupe wengine wenye bunduki na pombe, isipokuwa rafiki zake wale watatu. Maneno ya Ignosi na hofu ya Gagula ni ndugu wa tumbo moja. Yakitoka kinywani mwa kijana mzuri wa umbo, aliyepata kiti kwa msaada wa wageni, huitwa busara. Yakitoka kinywani mwa kikongwe aliyekunjamana, ambaye hakuhitaji msaada wao, huitwa uchawi. Basi uzito wa neno umepimwa kwa sura ya msemaji.

Kazi ya tatu ni kuwatakasa wengine. Quatermain anatoka shimoni na almasi mifukoni, na msomaji haulizi ni mali ya nani. Ataulizaje, iwapo mlinzi wa mali hiyo ni muuaji? Ubaya wa Gagula umekuwa stakabadhi ya wachukuaji. Tena hazina yenyewe imeandikwa jina la Sulemani, kana kwamba nchi iliyoihifadhi haikuwa na haki nayo. Mawazo ya namna hii hayakuwa ya riwaya tu. Mwaka 1871 Karl Mauch aliyaona magofu ya Zimbabwe Kuu akayahusisha na Malkia wa Sheba. Na uchimbaji wa Gertrude Caton-Thompson, uliothibitisha kuwa yalijengwa na Waafrika, ulifanywa mwaka 1929, mwaka ule ule kitabu cha Haggard kilipofika mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili. Haggard mwenyewe alifika Natal mwaka 1875 akiwa kijana mtumishi wa serikali, na mwaka 1877 alishiriki kuipandisha bendera ya Uingereza mjini Pretoria, Transvaal ilipotwaliwa. Almasi za Kimberley zilikuwa zimekwisha anza kuchimbwa. Alijua alichokuwa akikiandika.

Walakini haki ni haki, hata kwa mwandishi wa dola. Haggard hakumwandika Umbopa kama mtumwa. Alimpa heshima na ulimi wenye kujibu. Wala hakuuandika usiku wa kunusa wachawi kama desturi ya wajinga. Infadoos, mzee wa vita, aeleza wazi kuwa wanaonuswa ni wale ambao mfalme anawaogopa au anatamani ng'ombe zao. Yaani uchawi ni kisingizio, na shabaha ni mali na mamlaka. Hapo Haggard akaribiana na Shaaban Robert, ambaye katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, alimweka Majivuno kuwa mshitaki wa Karama. Tofauti ni kwamba Majivuno amebeba ila yake katika jina lake; msomaji anafunzwa kuichukia ila. Gagula amebeba ila yake katika ngozi yake, meno yake, na miaka yake. Msomaji anafunzwa kuuchukia uzee.

Na hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la darasani. Katika kitabu, kikongwe ndiye anyoshaye kidole na vijana wenye nguvu ndio wanaokufa. Katika maisha mambo yamekuwa kinyume. Usukumani, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na mojawapo ya dalili zilizotajwa ilikuwa macho mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, kwa kuwapikia watoto na wajukuu miaka mingi. Mara nyingine nyuma ya shutuma lilikuwapo shamba au urithi, kama vile nyuma ya kidole cha Gagula zilivyokuwapo ng'ombe. Si haki kumtwisha Haggard damu hiyo. Hofu ya uchawi ilikuwapo kabla ya kitabu chake, na wauaji hawakuhitaji kusoma riwaya. Lakini kitabu kinachosomwa utotoni huacha picha, na picha huingia mahali ambapo hoja haifiki. Kijana aliyejifunza kumtambua mwovu kwa mikunjo ya uso ana haja ya kujifunza tena.

Dawa yake si kukichoma kitabu wala kukiondoa rafuni. Mashimo ya Mfalme Sulemani ni sehemu ya historia ya nathari ya Kiswahili, na Kiswahili chake kimewafundisha wengi utamu wa kusimulia. Dawa ni kukisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa hofu, kama ipasavyo, na mara ya pili kwa maswali. Msomaji wa mara ya pili ataona kuwa siri ya mlango wa jiwe ilikufa pamoja na ajuza. Chini ya jiwe lile hakulala muuaji tu; alilala mtu pekee aliyejua nchi ile ilikotoka. Quatermain alirudi Uingereza tajiri, na Ignosi akabaki na ufalme usio na mzee wa kuusimulia.

Mwovu akifa, kwa kawaida msomaji hushusha pumzi. Afike Gagula, azishushe zote asibakize. Lakini kabla ya kukifunga kitabu asikilize kidogo, ajue ni sauti gani nyingine iliyonyamaza siku ile.